Dawa ya kontrasti na figo: nani hasa yuko hatarini?

Daktari ameandika CT ya tumbo yenye kontrasti, na kabla mgonjwa hajafika dirisha la malipo familia imeshagawanyika. Shangazi anasema jirani yao aliingia kwenye mashine hiyo na figo zake nzima, wiki iliyofuata akawa mtu wa kusafishwa damu. Kaka mkubwa anasema mgonjwa anyweshwe maji lita tano kwanza. Mwingine amesikia kwamba mwenye kisukari hatakiwi kuguswa na dawa hiyo kabisa. Mwisho wa mabishano mgonjwa anarudishwa nyumbani bila kipimo, na uvimbe aliokuja nao unaendelea kukua bila jina.

Mabishano ya namna hii yanasikika sana kwenye mabenchi ya hospitali zetu, hasa sasa ambapo mashine za CT zimetoka kwenye hospitali kubwa za taifa na kufika mikoani na kwenye kaunti. Naandika kwa sababu naamini kwa dhati kwamba hofu ya kontrasti, kwa ukubwa ilio nao, inawaumiza wagonjwa wengi kuliko kontrasti yenyewe. Hatari ipo. Lakini ni hatari ya watu fulani, katika hali fulani, na watu hao wanaweza kujulikana kabla sindano haijachomwa.

Kontrasti ni kitu gani

Mashine ya CT hupiga picha za X-ray kuuzunguka mwili, kisha kompyuta huzipanga zikatoka picha za mwili kipande kwa kipande. Mfupa huonekana wazi kwa sababu huzuia mionzi. Damu, ini, utumbo na figo huzuia mionzi kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo kwenye picha vyote hutoka kijivu. Daktari anayetafuta bonge la damu lililoziba mshipa wa pafu, au uvimbe mdogo uliojificha ndani ya ini, anahitaji kitu cha kuvitenganisha. Hapo ndipo inapoingia kontrasti: dawa ya majimaji maangavu inayochomwa kwenye mshipa, ambayo ndani yake mna iodini. Iodini ni nzito, inazuia mionzi vizuri, hivyo popote damu inapopita panang'aa kwenye picha.

Si kila CT inahitaji dawa hii. Mtu aliyegongwa na bodaboda na kuumia kichwa hupigwa CT bila kontrasti, na anayetafutwa mawe kwenye figo vilevile. Kama fomu yako haijaandikwa kontrasti, habari yote ya figo haikuhusu, kwa sababu mionzi ya picha hizo siyo inayoleta tatizo tunalolizungumza.

Chumbani mambo huenda haraka. Mhudumu anakuuliza kama umewahi kuwa na tatizo la figo, kisukari, pumu au mzio wa dawa. Anakuwekea kanula mkononi, mara nyingi upande wa ndani wa kiwiko, na kuiunganisha na mashine ndogo ya kusukuma dawa. Mtu mzima huchomwa kiasi cha mililita 50 hadi 150, kutegemea anachotafutwa. Sekunde chache baadaye unasikia joto likipanda shingoni na kushuka hadi kinenani, mdomoni unaonja kama chuma, na wengi hudhani wamejikojolea. Hawajajikojolea. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi na haihusiani na figo hata kidogo, ingawa nimesikia watu wakiisimulia kama dalili ya figo kuungua.

Kuanzia hapo kazi ni ya figo. Mwili hauichakati kontrasti. Inatoka kwa mkojo jinsi ilivyoingia. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa imeshatoka ndani ya saa mbili hivi, na ndani ya saa 24 karibu yote imekwisha.

Figo hudhurika vipi, na tunajuaje

Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo, na kwa siku nzima huchujwa takriban lita 180 za majimaji, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini na kubaki lita moja au mbili za mkojo. Ajabu ni kwamba pamoja na damu yote hiyo, sehemu ya ndani ya figo huishi kwa oksijeni kidogo sana, karibu na mpaka wa kile inachohitaji. Ndiyo maana figo ni rahisi kuumizwa na kitu chochote kinachopunguza damu: kuharisha sana, kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, presha kushuka kwa sababu ya maambukizi makali.

Kontrasti inaweza kuigusa sehemu hiyo ya ndani kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Inaweza kuibana mishipa midogo na kuufanya mkojo ulio kwenye mirija uwe mzito, oksijeni ikapungua zaidi. Pia inaweza kuzidhuru moja kwa moja seli zinazotanda ndani ya mirija hiyo. Kwa figo yenye nguvu hili hupita bila kuonekana. Kwa figo iliyokwisha kupoteza vichujio vingi, vile vilivyobaki vinabeba mzigo wa vyote, na dawa inakaa humo muda mrefu zaidi.

Mtu hasikii madhara haya yakitokea. Hujulikana kwa kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini, ambacho kwenye karatasi nyingi za maabara utakikuta chini ya RFT, na Kenya chini ya UEC. Kreatinini ni taka itokanayo na misuli. Figo zikichuja vizuri inabaki chini, zikizembea inapanda. Kwa vigezo vya kimataifa vya 2012, figo zinahesabiwa kuwa zimejeruhika ghafla iwapo kreatinini imepanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48, au imefika mara moja na nusu ya ilivyokuwa ndani ya siku saba, au mkojo umepungua sana kwa saa kadhaa. Inayoletwa na kontrasti kwa kawaida huanza kupanda siku ya kwanza au ya pili, hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, na kwa wengi hurudi ilipokuwa ndani ya siku saba hadi kumi. Kupanda kwa kreatinini, kwa hiyo, si sawa na figo kufeli. Wengi wa wanaopandishiwa hawajui hata kama walipandishiwa, na wanaofikia kusafishwa damu ni wachache sana.

Kuna jambo moja kuhusu namba hii ambalo ningependa kila mgonjwa alijue. Kreatinini peke yake inadanganya. Chukua kijana wa kiume wa miaka 25 na bibi wa miaka 70, wote wana kreatinini ya 110. Kwenye karatasi namba ni ile ile. Lakini bibi ana misuli michache, anatengeneza taka kidogo, kwa hiyo kufikia 110 ni lazima figo zake ziwe zimechoka. Ukiingiza umri na jinsia kwenye hesabu inayotumiwa sasa hospitalini, uwezo wa kuchuja wa kijana unatoka kama 82 na wa bibi kama 47. Uwezo huo ndio unaoitwa GFR, na hupimwa kwa mililita kwa dakika. Maamuzi yote ya kontrasti yanaegemea GFR. Kama maabara imeandika kreatinini tu, mwombe daktari akukokotolee. Kwa simu yake ni kazi ya nusu dakika.

Hofu ilitoka wapi

Hofu hii haikutungwa mtaani. Ilianza kwa madaktari wenyewe, na walikuwa na sababu.

Katika miaka ya 1920, wagonjwa wa kaswende walikuwa wakitibiwa kwa dawa zenye iodini, na madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani wakagundua kwamba mkojo wao ulionekana kwenye X-ray. Mwaka 1929 Moses Swick, daktari kijana wa Kimarekani aliyekuwa Berlin, akaleta dawa ya kwanza iliyofaa kuonyesha figo kwa kuchomwa mshipani. Dawa za miongo iliyofuata ziliokoa watu wengi, ila zilikuwa na mkolezo mkali mno, mara tano hadi saba ya mkolezo wa damu. Zilichoma mishipa na kuvuta maji kutoka kwenye seli. Mwaka 1954 madaktari wa Denmark waliripoti mgonjwa wa saratani ya uboho aliyeacha kabisa kutoa mkojo baada ya kupigwa picha ya figo kwa dawa ya aina hiyo. Ripoti kama hizo zikaongezeka, na ndani ya miaka michache vitabu vya udaktari vilikuwa na sura nzima ya figo na kontrasti.

Aliyebadilisha mambo ni Torsten Almén, mtaalamu wa radiolojia wa Uswidi, ambaye alisumbuliwa na maumivu waliyopata wagonjwa wake wakichomwa dawa kwenye mishipa ya miguu. Alikumbuka kwamba akiogelea kwenye bahari yenye chumvi nyingi macho yalimwasha, lakini kwenye Bahari ya Baltiki, ambayo maji yake hayana chumvi kali, hayakumwasha. Akaona tatizo ni mkolezo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wazo lake lilizaa kizazi kipya cha kontrasti, na kinachotumika hospitalini leo ni watoto na wajukuu wa kizazi hicho: mkolezo wake ni kama mara mbili au tatu ya damu, na ipo moja, iodiksanoli, iliyo sawa kabisa na damu. Kwa hiyo ukisikia simulizi la miaka ya 1970, mtu anasimulia dawa nyingine.

Lakini dawa ilibadilika na hofu ikabaki, na sababu yake ni ya kuhesabu. Kwa miaka mingi watafiti walipima kreatinini kabla ya kontrasti na baada yake, na ikipanda wakasema ni kontrasti. Hawakuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wa aina ile ile ambao hawakuchomwa dawa. Kreatinini ya mgonjwa aliyelazwa ni kama kina cha mto wakati wa masika: leo magotini, kesho kiunoni, keshokutwa kimeshuka tena. Mtoto akitupa jiwe mtoni jioni na asubuhi maji yakawa yamepanda, hakuna atakayelilaumu jiwe, maana kila mtu anajua mvua inanyesha huko milimani.

Mwaka 2008 Jeffrey Newhouse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walifanya jambo lililopaswa kufanywa zamani. Walichukua rekodi za wagonjwa zaidi ya 32,000 waliolazwa ambao hawakupewa kontrasti yoyote, wakaangalia kreatinini zao zilivyokwenda siku kwa siku. Zaidi ya nusu yao zilibadilika kwa asilimia 25 au zaidi. Kama wangekuwa wamechomwa kontrasti, wengi wa waliopandishiwa wangeandikiwa kwamba dawa imewaharibu figo.

Kazi kubwa zaidi zilifuata. Mwaka 2013 timu ya Mayo Clinic na nyingine ya Chuo Kikuu cha Michigan zililinganisha maelfu ya wagonjwa waliopigwa CT kwa kontrasti na waliopigwa bila kontrasti, wakipangwa kwa kufanana umri, magonjwa na hali ya figo. Wale wa Mayo hawakuona tofauti. Wale wa Michigan waliiona kwa wagonjwa ambao figo zao zilikuwa dhaifu sana, GFR chini ya 30. Ni haki kusema kwamba mjadala haujafungwa kabisa: hakuna aliyewagawa wagonjwa kwa kura, na huenda madaktari walikuwa tayari wamewaepusha na dawa wale dhaifu kupita wote. Lakini mwelekeo uko wazi kiasi kwamba mwaka 2020 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani na taasisi ya figo ya nchi hiyo vilikaa pamoja na kutoa tamko moja. Makadirio yao kwa kontrasti inayochomwa kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, ni haya: GFR ikiwa 45 au zaidi, hatari inakaribia sifuri. Ikiwa kati ya 30 na 44, ni kuanzia sifuri hadi asilimia 2. Ikiwa chini ya 30, ni kuanzia sifuri hadi asilimia 17.

Soma tena namba ya mwisho. Hata kwa wenye figo dhaifu kabisa, makadirio ya juu yanaacha zaidi ya watu 80 kati ya 100 wasiopata tatizo hilo.

Basi nani aangaliwe kwa makini

Wa kwanza ni mwenye GFR chini ya 30. Wa pili ni yule ambaye figo zake zimejeruhika sasa hivi kwa sababu nyingine, hata kama mwezi uliopita zilikuwa nzima. Hawa wawili ndio kiini. Kisukari peke yake, bila figo kuathirika, hakimweki mtu kwenye kundi hili, wala presha peke yake. Kile vinachofanya ni kuziharibu figo polepole kwa miaka, ndiyo maana mwenye kisukari anapaswa kupimwa kreatinini kabla. Akipimwa akakutwa na GFR ya 70, achomwe dawa yake bila wasiwasi wa figo.

Zipo hali zinazosogeza hatari karibu: kupungukiwa maji mwilini, moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Hizi za mwisho zinanikera kwa jinsi zinavyochukuliwa kirahisi. Mtu ana maumivu ya mgongo wiki tatu, anameza diklofenaki za duka la dawa kutwa mara tatu, hali vizuri, hanywi maji, kisha anapigwa CT. Figo zikitetereka, lawama yote inaiendea sindano moja ya kontrasti, na dawa alizomeza kwa wiki tatu hakuna anayezitaja. Mitishamba ya kusafisha figo iko kundi hilo hilo. Baadhi ya mimea ni sumu ya figo yenyewe, na kunywa mchanganyiko usiojulikana ili kuiondoa kontrasti ni kuziongezea figo kazi siku zinapohitaji kupumzishwa.

Kuchunguzwa mishipa ya moyo ni suala lake peke yake. Kipimo hiki, ambacho zamani Watanzania wengi walikifuata India na leo kinafanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hupitisha mrija mwembamba kwenye ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) ya mkono au ya paja hadi kwenye moyo. Kontrasti hupulizwa humo mara kadhaa, na ikibidi kuzibua mshipa kiasi huongezeka. Dawa inaweza kuzifikia figo ikiwa na nguvu zaidi kuliko ikipita kwanza kwenye vena na mapafu. Zaidi ya hapo, mrija unapopita kwenye ateri kuu ya mtu mwenye mafuta yaliyoganda ukutani mwa mishipa, vipande vinaweza kung'oka na kuziba mishipa midogo ya figo, jambo ambalo si kosa la dawa. Na mgonjwa mwenyewe mara nyingi amefika na mshtuko wa moyo, presha iko chini, figo tayari zina kiu ya damu. Idadi kubwa ya takwimu za kutisha za zamani zilitoka kwenye vyumba hivi, kisha zikabandikwa kwa mtu anayekwenda CT ya tumbo kwa miguu yake.

Hata hapo, kuogopa kuna gharama. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwaangalia wazee waliopata mshtuko wa moyo huku figo zao zikiwa dhaifu. Walikuta kwamba wagonjwa hao walinyimwa kipimo cha mishipa ya moyo mara nyingi kuliko wenzao, wakati waliokipata ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Madaktari walizilinda figo, moyo ukasimama.

Maji, dripu na vidonge

Kinga inayojulikana kuwa na maana ni kuhakikisha mwili una maji. Kwa mwenye GFR chini ya 30, au mwenye figo zilizojeruhika na ambaye hajaanza kusafishwa damu, hospitali humwekea dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya kipimo. Kwa wengine, kunywa maji kama kawaida siku hiyo kunatosha. Utafiti uliofanyika Maastricht, Uholanzi, na kutolewa 2017, uliwagawa wagonjwa 660 wenye GFR kati ya 30 na 59: nusu wakapewa dripu, nusu wasipewe chochote. Wasiopewa hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopewa, na baadhi ya waliopewa walipata madhara ya maji kuzidi.

Kwa hiyo zile lita tano za kaka mkubwa si salama. Mwenye moyo dhaifu akibugia maji hivyo yanaweza kumjaa mapafuni, akashindwa kupumua usiku huo huo. Tena, baadhi ya vipimo humtaka mgonjwa asile kwa saa kadhaa. Uliza kama maji pia yamezuiwa, kwa sababu watu hufunga kila kitu tangu jana yake na kufika wakiwa wamekauka.

Kuna kidonge cha asetilisisteini ambacho huenda uliandikiwa zamani. Mwaka 2000 utafiti mdogo wa Berlin, wenye wagonjwa 83, ulionyesha kinazuia figo kudhurika, na hospitali nyingi duniani zikaanza kukitoa. Ukaja utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Marekani, Australia, New Zealand na Malaysia, uliochapishwa 2018 katika New England Journal of Medicine. Asetilisisteini haikusaidia chochote kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa, na dripu ya baikaboneti haikuizidi ile ya maji ya chumvi ya kawaida. Usinunue.

Metfomini, dawa ya kisukari, nayo inaeleweka vibaya. Haiharibu figo, wala haigombani na kontrasti. Hofu ni kwamba figo zikizembea kwa sababu yoyote, metfomini inajilimbikiza na kuifanya damu kuwa na tindikali. Mwenye GFR chini ya 30, mwenye figo zilizojeruhika, au anayepitishiwa mrija kwenye ateri kwa namna ambayo dawa inaelekea figo, huambiwa aisimamishe na kuirudia baada ya saa 48 figo zikiwa zimepimwa. Wengine hawahitaji kuiacha. Usijisimamishie mwenyewe kwa wiki nzima, sukari ikapanda hadi ukalazwa.

Mambo yanayochanganywa

Mzio na figo ni vitu viwili. Anayepata mzio wa kontrasti huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi akiwa bado mezani: kuwashwa, vipele, kupiga chafya, na kwa nadra kubanwa na pumzi na presha kushuka. Hilo hutibiwa palepale, na ni lazima uliseme safari nyingine yoyote. Haliambatani na figo kufeli.

Mzio wa samaki, kamba au pweza hauhusiani. Watu wa pwani huulizwa hili sana, na wengine wamenyimwa kipimo kwa ajili yake. Anayedhurika kwa kula kamba anadhurishwa na protini iliyo kwenye nyama yake. Iodini ndiyo hii hii madini joto iliyo kwenye chumvi ya jikoni, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo.

Kontrasti ya MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, si hii. Ina gadoliniamu, haina iodini, na kwa kipimo cha kawaida tatizo lake kuu halikuwa kuziumiza figo. Tatizo lilikuwa kwa wagonjwa wa figo waliofika mwisho: mwaka 2006 daktari wa Austria aliihusisha na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa uliowapata wagonjwa wa kusafishwa damu. Aina zilizohusika zaidi zimewekwa kando, na zinazopendelewa sasa ni salama zaidi kwa mbali. Ule uji mweupe wa bariamu unaonyweshwa kuonyesha koo na tumbo hauingii kwenye damu, kwa hiyo haufiki kwenye figo.

Na mgonjwa ambaye tayari anasafishwa damu, na mkojo umekwisha kukatika? Huyu anaweza kuchomwa kontrasti ya CT. Figo zake hazina cha kupoteza, na hakuna haja ya kumkimbiza kwenye mashine usiku huo ili dawa itolewe. Zamu yake ya kawaida inatosha. Anayebaki na mkojo kiasi ndiye wa kutunzwa, kwa sababu mkojo ule mdogo una thamani kubwa kwake.

Ukiwa unakwenda kwenye kipimo, beba karatasi ya kreatinini ya karibuni na ya zamani kama ipo, taja kila dawa unayomeza pamoja na za duka na za mganga, na sema ukweli kama umeharisha au kutapika siku hizo. Lakini mgonjwa akiwa amefika na dalili za kiharusi, ameumia vibaya barabarani, au inashukiwa ateri kuu imechanika, usiwe mtu wa kudai kreatinini isubiriwe. Hapo kila dakika ina hesabu yake, na daktari ana haki ya kuchoma dawa kwanza.

Kama uko kwenye lile kundi la wachache, rudi upimwe tena kreatinini baada ya siku mbili au tatu, na urudi mapema zaidi ukiona mkojo umepungua sana, miguu imevimba au unahema kwa shida. Ikikutwa imepanda, usikubali kuambiwa "ni kontrasti hiyo" na habari ikaishia hapo. Daktari anapaswa kuuliza kama umepoteza maji au damu, kama una maambukizi, umemeza nini, na kukupiga ultrasaundi ya figo na kibofu. Kwa mzee wa kiume mkojo unaweza kuwa umezuiwa na tezi dume, na huyo anachohitaji siku hiyo ni mpira wa mkojo.